Wimbo wa Nyumbani Ukisafiri: Muziki wa Okestra katika Filamu ya Pili ya Krismasi

Katika dakika za mwanzo za Home Alone 2: Lost in New York, filamu iliyotoka Novemba 1992, mtoto Kevin McCallister amesimama mbele ya wazazi na walimu akiimba peke yake kwenye tamasha la Krismasi la shule. Nyuma yake kaka yake Buzz ameshika mishumaa ya umeme na anaichezesha kwa dhihaka, ukumbi unaangua kicheko, na mtoto anayeimba hajui anachekwa kwa nini. Wimbo wenyewe hauna mzaha hata kidogo. Unaitwa Christmas Star, mahadhi yake yalitungwa na John Williams na maneno yake yakaandikwa na Leslie Bricusse, na ukiusikiliza bila picha utadhani umetoka katika kitabu cha nyimbo za Noeli kilichokuwa kikitumika makanisani kwa karne nzima. Mtunzi angeweza kuandika kitu chepesi cha kujaza sekunde hizo, kwa kuwa watazamaji wanacheka mishumaa na wala hawatilii maanani sauti ya mtoto. Aliandika wimbo kamili kwa sababu ana kazi nao zaidi ya saa moja baadaye, na kazi hiyo ndiyo inayotuonyesha jinsi muziki wa filamu ya mwendelezo unavyojengwa.

Kabla hatujaendelea, neno lenyewe linahitaji maelezo kidogo. Kwa msomaji aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi, okestra huenda ikamkumbusha kwanza bendi ya dansi, Orchestra Maquis Original au Super Mazembe, magitaa yakijibizana na tarumbeta. Hapa nazungumzia okestra ya kumbi za tamasha, yenye safu za fidla, ala za mbao, ala za shaba, ngoma kubwa, kinubi na kengele, ambayo hukaa mbele ya kioo cha picha huku kiongozi wake akiitazama filamu na kuongoza kwa wakati mmoja. Hata hivyo, aliyezoea taarabu ana faida katika mada hii, kwa kuwa anajua tangu zamani kwamba wapigaji wakianza tu utangulizi, ukumbi mzima hutambua ni wimbo gani unaokuja, na hisia huwa zimeshawaingia watu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Muziki wa filamu unategemea utambuzi huohuo, na filamu ya mwendelezo inautegemea maradufu, kwa kuwa mtazamaji anaingia ukumbini akiwa na mahadhi ya filamu ya kwanza kichwani.

Filamu hiyo ya kwanza, Home Alone, ilitoka mwaka 1990 chini ya mwongozaji Chris Columbus, na mwandishi na mtayarishaji wake alikuwa John Hughes. Mtunzi aliyepangwa awali alikuwa Bruce Broughton, lakini alibanwa na kazi ya filamu nyingine, na nafasi ikamwangukia Williams, mtu ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa filamu za vita vya angani, papa na wavumbuzi wa mambo ya kale. Wengi husahau kwamba kuanzia mwaka 1980 hadi 1993 Williams alikuwa pia kiongozi wa okestra ya Boston Pops, ambayo matamasha yake ya Desemba ni desturi kubwa katika mji wa Boston. Alikuwa basi mtu aliyesimama kila mwaka mbele ya familia zilizokuja kusikiliza nyimbo za Krismasi, akiona kwa macho yake ni sauti gani zinazowanyamazisha watoto na zipi zinazowatoa machozi wazee. Kazi yake katika Home Alone iliteuliwa kuwania tuzo mbili za Oscar, moja kwa muziki wa filamu na nyingine kwa wimbo Somewhere in My Memory, ambao kwake pia maneno yaliandikwa na Bricusse.

Wimbo huo ndio nguzo ya filamu zote mbili. Jina lake lenyewe linazungumzia mahali fulani katika kumbukumbu, na mahadhi yake ni mepesi kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuyashika akiyasikia mara mbili. Mara nyingi hupigwa kwa ala ndogo yenye sauti ya kengele iitwayo selesta, kabla fidla au kwaya ya watoto haijayapokea. Selesta inafanana kwa umbo na piano ndogo, ila ndani yake nyundo hugonga vibao vya chuma badala ya nyuzi. Ilibuniwa Paris mwaka 1886 na Auguste Mustel. Swali ni kwa nini sauti ya ala hii humfanya mtu aone Krismasi hata akiisikia mwezi wa Juni, na jibu lake liko kwa mtu mmoja.

Mwaka 1891 mtunzi wa Kirusi Pyotr Tchaikovsky alikuwa safarini kuelekea Marekani na akapita Paris, ambako alikutana na ala hiyo mpya. Iliivutia sana roho yake hata akamwandikia mchapishaji wake amwagizie moja kwa siri, akihofia kwamba watunzi wenzake wa Kirusi, Rimsky-Korsakov na Glazunov, wangepata habari na kumtangulia kuitumia. Desemba 1892 mchezo wake wa baleti wa The Nutcracker, unaoanza katika usiku wa mkesha wa Krismasi nyumbani kwa familia yenye watoto, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Saint Petersburg, na selesta ikasikika katika ngoma ya malaika wa peremende. Katika karne ya 20 mchezo huo uligeuka kuwa ada ya Desemba katika miji mingi ya Marekani, na sauti ya selesta ikafungamana na msimu huo. Williams anauchota urithi huu waziwazi. Familia ya McCallister inapochelewa kuamka na kukimbilia uwanja wa ndege, muziki unaowasindikiza una mbio na mikazo inayofanana mno na ngoma ya Kirusi ya The Nutcracker. Mtazamaji hahitaji kujua jina la Tchaikovsky ili aelewe. Mwili wake unatambua kwamba hizi ni mbio za Krismasi, na kwamba vurugu hizi zina shangwe ndani yake.

Tukija sasa kwenye filamu ya pili, tatizo la mtunzi linaonekana dhahiri. Hadithi inarudiwa karibu hatua kwa hatua. Mara ya kwanza familia ilichelewa kuamka kwa sababu umeme ulikatika usiku. Mara ya pili baba aliichomoa saa ya kengele ili achaji betri ya kamera. Mara ya kwanza walikuwa wanakwenda Paris wakamwacha mtoto nyumbani. Mara ya pili wanakwenda Miami, naye anamfuata mtu aliyevaa koti kama la baba yake na kupanda ndege ya New York. Wezi ni walewale, Harry na Marv. Mzee jirani wa kutisha ambaye baadaye anadhihirika kuwa mwema amegeuka kuwa mama anayelisha njiwa bustanini. Kama muziki nao ungerudiwa ulivyo, mtazamaji angehisi ameuziwa tiketi ya filamu aliyokwisha kuiona. Ungetupwa wote na kuandikwa mwingine, angehisi amepotezwa, kama mtu anayerudi kijijini kwao akakuta njia ya kwenda nyumbani imehamishwa.

Williams hakuwa mgeni wa mtihani huu. Alikuwa ameandikia mwendelezo wa Jaws mwaka 1978, na katika The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, filamu ya pili ya Star Wars, alionyesha kwamba filamu ya pili inaweza kuongezewa mahadhi mapya yakaja kuwa maarufu sawa na yale ya mwanzo, kwani ule mwendo wa kijeshi wa Darth Vader ambao watu wengi hudhani umekuwepo tangu mwanzo haukuwepo katika filamu ya kwanza. Aliona pia njia nyingine: Superman II ilipotengenezwa, si yeye aliyeuandika muziki wake, bali Ken Thorne aliyachukua mahadhi yake na kuyapanga upya kulingana na picha mpya. Njia hiyo huokoa gharama na muda, lakini aliyekabidhiwa hupewa nyumba ya mtu mwingine aitunze, na si rahisi kubomoa ukuta katika nyumba ambayo hukuijenga.

Katika Home Alone 2 alianza kwa kurudia makusudi. Kelele za familia iliyochelewa zinapoanza, muziki ule wa mbio unarudi, na hapa kurudia kwenyewe ndiko kunakochekesha, kwa sababu mtazamaji anausikia na kujua, sekunde kadhaa kabla ya wahusika, kwamba kosa limetokea tena. Filamu ya kwanza haina uwezo wa kufanya hivyo, kwa kuwa bado haina kumbukumbu ya pamoja na watazamaji wake. Ninaona hii ndiyo zawadi kubwa ambayo mwendelezo humpa mtunzi, na ni watunzi wachache wanaojua kuipokea: mahadhi yale ya zamani sasa yanabeba siri kati yake na ukumbi.

Baada ya hapo mahadhi ya nyumbani yanaanza kufanya kazi nyingine. Katika filamu ya kwanza Kevin alikuwa ndani ya nyumba yao, akiwa na kitanda chake, jiko lao na picha za familia ukutani, na wimbo wa kumbukumbu ulieleza kile kilichokosekana humo, yaani watu. Katika filamu ya pili hata nyumba haipo. Mtoto yuko katika chumba cha hoteli ya Plaza, katika mitaa yenye mamilioni ya wageni, na kitu pekee cha nyumbani anachotembea nacho ni mahadhi yale, ambayo yeye mwenyewe hayasikii. Sisi ndio tunaoyasikia kwa niaba yake. Noti ni zilezile, selesta ni ileile, lakini maana imehama: kwanza yalikuwa sauti ya upungufu, sasa ni mzigo wa safari, kama kipande cha kanga cha mama ambacho mtoto anakwenda nacho bweni.

Upande wa vichekesho una ufundi wake, na hapa inafaa tusogee karibu. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Mtunzi akichagua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua nusu sekunde, yaani picha 12. Tuseme kwa mfano tofali linaachiwa kutoka juu ya paa na linamfikia mwizi usoni picha 54 baadaye, yaani baada ya sekunde mbili na robo. Kwa mwendo ule, tofali litatua katikati ya pigo la tano na la sita, na ngoma ikilia juu ya pigo itakuwa imewahi au imechelewa kwa robo sekunde, kiasi kinachotosha kuua kicheko chote. Mtunzi anaweza kuiandika ngoma kwenye nusu pigo, jambo litakaloleta hisia ya kujikwaa, au anaweza kupunguza mwendo kidogo ili kila pigo lichukue picha 13 na nusu, takriban mapigo 107 kwa dakika, na hapo tofali litatua sawasawa juu ya pigo la tano. Wapigaji husikia mapigo haya yakihesabiwa katika vipokea sauti masikioni mwao, au humfuata kiongozi anayetazama alama zinazopita juu ya picha. Mhariri akikata picha nne tu baada ya muziki kuandikwa, hesabu nzima ya ukurasa ule hurudiwa upya.

Hesabu hiyo haina budi kufichwa. Muziki unaofuata kila hatua, kila mpepeso wa jicho na kila mwanguko humchosha msikilizaji haraka. Mtindo huo umepewa jina la Mickey Mouse kwa sababu ulishamiri katika katuni za Disney. Mtunzi hodari huchagua ni pigo gani moja kati ya kumi litakaloguswa, na mengine huyapita kana kwamba hayakuonekana, huku mahadhi yakiendelea na safari yake. Marv anapopigwa matofali kutoka juu ya paa, maumivu yale yangekuwa ya kutisha bila muziki. Zima sauti uone: unabaki na mtu anayeumizwa vibaya na mtoto. Okestra inapoinyanyua mandhari ile kwa mwendo wa dansi, inatupa ahadi kwamba hakuna atakayekufa usiku wa Krismasi, na kwa sababu ahadi hiyo imetolewa na sauti nzito, iliyopangwa kwa heshima kama ya tamasha, tunaiamini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba muziki wa kichekesho haufai kuwa wa kubeza. Sauti za kuchekesha juu ya picha za kuchekesha huishiana nguvu, lakini okestra inayoshughulika kwa dhati humwacha mtazamaji acheke mwenyewe.

Turudi sasa kwenye Christmas Star. Baada ya aibu ya tamasha la shule, wimbo huo unatulia. Kisha, usiku wa mkesha, Kevin amegundua kwamba wezi wanapanga kuiba fedha za duka la vitu vya kuchezea, fedha ambazo mwenye duka amekusudia kuzipeleka hospitali ya watoto. Anapita mbele ya hospitali, anainua macho, na dirishani kuna mtoto mgonjwa. Wimbo ule unarudi, safari hii bila mishumaa ya dhihaka wala kicheko cha ukumbi, na ndani ya wimbo huo mtoto anafanya uamuzi. Muziki unaendelea moja kwa moja hadi kwenye maandalizi ya mitego. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini wimbo wa mwanzo haukuweza kuwa wa mzaha: kama Williams angeuandika hovyo kwa ajili ya mishumaa, asingekuwa na kitu cha kuurudisha mbele ya dirisha la hospitali. Wimbo ulioharibiwa na kicheko unasikilizwa hatimaye kama ulivyostahili, na Kevin anapata kwa wengine kile alichonyimwa yeye. Hakuna mazungumzo yanayolieleza jambo hili. Limebebwa na mahadhi peke yake.

Mandhari ninayoithamini kuliko zote katika filamu hii, hata hivyo, ni ile ya Carnegie Hall, ukumbi wa tamasha wa New York. Mama wa njiwa, aliyeigizwa na Brenda Fricker, ametambulishwa kwetu kwa muziki wa kuogofya, naye Kevin amemkimbia. Baadaye wanapopatana, mama huyo anampeleka darini juu ya ukumbi, na kutoka humo wanaitazama okestra ikipiga chini yao. Kwa muda wote wa filamu mbili muziki wa okestra umekuwa wetu sisi watazamaji tu, wahusika hawausikii. Hapa kwa mara moja okestra inaonekana, ina wapigaji wenye nyuso na mikono, na mtoto anaisikia kama sisi. Mazungumzo yao kuhusu upweke na woga wa kupendwa tena yanafanyika juu ya sauti hiyo, na baada ya hapo mama yule hawezi tena kutisha.

Mahali penyewe pana uzito ambao hadithi haiutaji. Carnegie Hall ilifunguliwa Mei 1891, na aliyealikwa kuongoza muziki wake katika sherehe za ufunguzi alikuwa Tchaikovsky. Ndiyo safari ileile ambayo njiani alikuwa amekutana na selesta. Ni katika ukumbi huohuo pia ambapo kwaya ya taifa ya Ukraine, Oktoba 1922, iliimba Shchedryk wa Mykola Leontovych mbele ya watu wa New York, wimbo wa noti nne zinazozunguka ambao Wamarekani waliuvalisha maneno ya Kiingereza na kuuita Carol of the Bells, na ambao kwaya inauimba kanisani katika filamu ya kwanza ya Home Alone. Sidai kwamba Columbus au Williams walikusudia kuyaunganisha haya yote. Nasema tu kwamba mtoto yule alipochungulia kutoka darini, alikuwa anaangalia mahali ambapo sehemu kubwa ya sauti iliyomsindikiza ilipitia.

Kazi hii ya pili haikuteuliwa kuwania Oscar, na hilo halishangazi. Muziki wa mwendelezo una mzigo mbele ya waamuzi, kwa kuwa ni vigumu kupambanua kipi ni kipya na kipi kimerithiwa. Mwaka 2020 Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, iliweka kanuni kwamba muziki wa filamu ya mwendelezo uwe na angalau asilimia 80 ya kazi mpya ili ufikiriwe. Naielewa nia yake, lakini kipimo cha asilimia kinapita pembeni mwa ufundi wenyewe. Mahadhi ya zamani yaliyopewa maana mpya, kama yale ya nyumbani yakipigwa katika mji wa ugenini, yatahesabiwa kuwa marudio, ilhali huko ndiko mtunzi alikofikiri zaidi.

Filamu zilizofuata zilikwenda njia nyingine. Home Alone 3 ya mwaka 1997, yenye mtoto mwingine na nyumba nyingine, ilipewa muziki na Nick Glennie-Smith. Mwaka 2021 Home Sweet Home Alone ilimpata John Debney, ambaye aliyarudisha mahadhi ya Williams ndani ya kazi yake, na kwa hiyo wimbo ukawafikia watazamaji ambao wazazi wao walikuwa watoto uliposikika mara ya kwanza. Ushirikiano wa Columbus na Williams nao uliendelea. Mwaka 2001 walipokutana katika filamu ya kwanza ya Harry Potter, ala iliyoanzisha mahadhi ya bundi Hedwig ilikuwa selesta, na mwaka uliofuata walikabiliana tena na mwendelezo, safari hii William Ross akisaidia kuyapanga mahadhi kwenye picha mpya.

Mwisho wa Home Alone 2 mama anampata mwanawe chini ya mti mkubwa wa Krismasi wa Rockefeller Center, na asubuhi Kevin anakimbia hadi bustanini kumpa mama wa njiwa pambo la njiwa mmoja kati ya wawili, la pili likibaki kwake kama alama ya urafiki. Okestra iko katika upole wake wa juu kabisa, theluji inaonekana kila upande, na mahadhi yanapanda polepole kuelekea kilele. Kisha kutoka hotelini inasikika sauti ya baba, amepokea bili ya huduma za chumbani ya dola 967, anamwita mtoto kwa ukali. Kati ya upole ule na kicheko hicho kuna sekunde chache tu, na mtunzi alilazimika kuvivusha vyote viwili kwenye daraja moja bila kimoja kukiangusha kingine.